Kupima fungu la elektroni la femtosekunde 10

Ndugu wa Maseno, umeuliza kama osiloskopu (chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme) ya maabara yenu inaweza kupima fungu la elektroni la femtosekunde 10, ambapo femtosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa kwa 1 yenye sifuri 15. Haiwezi, ni ya polepole mno. Katika muda huo mwanga wenyewe husafiri mikrometa 3 tu.

Njia ya kuaminika ni kaviti, yaani chumba cha chuma kinachopinda elektroni kwa mawimbi ya redio, kama ile ya gigahezi 11.424 ya SLAC, maabara ya vichapuzi vya chembe huko Marekani. Fungu hupita wakati nguvu ya wimbi iko kwenye sifuri, ikigeuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine: kichwa husukumwa upande mmoja, mkia upande wa pili, nawe unasoma muda kama upana kwenye skrini. Kwanza pima upana wa doa la elektroni kwenye skrini kaviti ikiwa imezimwa. Iwashe, sogeza awamu (mahali ilipofika mzunguko wa wimbi) nyuzi 0.1, yaani femtosekunde 24 hivi, uone doa limehama mikrometa ngapi. Hapo umejua mikrometa ngapi kwenye skrini ni sawa na femtosekunde moja. Upana wa mwanzo uondoe kwa miraba, yaani toa mraba wake kwenye mraba wa upana mpya, si kwa kutoa upana moja kwa moja.

Wengi huharibikiwa kwa kupima sifuri moja tu. Fungu likiwa limeinama tangu mwanzo, jibu hupotoka. Geuza awamu nyuzi 180, pima tena, kisha chukua wastani wa miraba ya vipimo hivyo viwili vya upana.

Zoezi lote hili unaweza kuliiga kwa laptopu ukitumia elegant, programu ya bure ya kuiga miale ya elektroni kutoka maabara ya Argonne, Marekani.