Kabla hujaipaka njano daftari ya mwenzio

Juzi usiku nilipokea ujumbe kutoka kwa binti anayesoma sheria mwaka wa tatu. Aliambatanisha picha. Ukurasa umelowa njano mpaka umetokea upande wa pili, na katikati yake maandishi ya mkono yamegeuka tope la kijani. Chini ameandika: "Dada, ulivyoisifia ile kalamu yako ya wino niliitafuta mwezi mzima. Sasa ona. Mtihani wiki ijayo. Umeniponza."

Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Lile tope la kijani nalijua. Nimewahi kulitengeneza kwa mkono wangu, tena kwenye daftari ambayo haikuwa yangu.

Niliwahi kuisifia hapa kalamu ya kujazwa wino ninayoipakia njano mistari muhimu ninaposoma. Kwa hiyo leo nitaeleza yote, hata yale niliyoyaruka wakati naisifia.

Mdogo wangu, kabla ya kalamu ya wino nilikuwa mtu wa hailaita za steshenari, zile kalamu nene za kutupa za kupaka rangi juu ya maandishi. Njano ilikuwa ya vifungu, pinki ya kesi, kijani ya majina ya majaji, na ya chungwa nilikuwa naiita "muhimu sana". Mwezi mmoja zinakwisha zote nne. Kitini changu kilijulikana maktaba nzima. Jamaa mmoja wa kundi letu la kujisomea alikiita kanga ya sikukuu, na mimi, mshamba, nikadhani nimesifiwa. Nilikuwa napiga msuli mpaka saa nane za usiku na asubuhi vidole vina rangi kama fundi wa mabango.

Halafu nikafeli somo la Ushahidi.

Swali ninalikumbuka mpaka leo. Shahidi ni mtoto wa miaka tisa. Mahakama ipokee vipi ushahidi wake? Zamani hakimu au jaji alitakiwa kwanza amhoji mtoto, ajiridhishe kama anaelewa maana ya kiapo, na kama haelewi, kama ana akili ya kutosha na anajua wajibu wa kusema kweli. Marekebisho ya mwaka 2016 yakaubadili utaratibu huo. Kifungu cha 127(2) cha Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, kikasema mtoto wa umri mdogo, yaani asiyezidi miaka 14, anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kabla hajaanza lazima aahidi kuiambia mahakama ukweli na si uongo. Jibu zima limening'inia kwenye kitenzi hicho kimoja, kuahidi. Kuna watu wametiwa hatiani wakaachiwa na Mahakama ya Rufani kwa sababu ahadi hiyo haikuonekana kwenye kumbukumbu za kesi.

Mimi nikajaza kurasa mbili na nusu za utaratibu wa zamani. Kwa mbwembwe.

Nilipofika chumbani nikafungua kitini. Utaratibu wa zamani umepakwa njano. Marekebisho yamepakwa njano. Neno "aahidi" lipo, limepakwa njano, na limezungukwa na njano juu, chini, kushoto na kulia. Hata namba ya ukurasa ilikuwa na njano. Nilikaa kitandani nikiwa nimeshika ule ukurasa kama mtu aliyeshikishwa risiti ya kitu ambacho hakununua.

Sap. Mimi niliyekuwa najibu maswali mbele ya darasa, nikapata sap, yaani mtihani wa marudio.

Likizo ile binamu yangu anayeishi Ujerumani alikuja nyumbani. Alikuwa amenunua kalamu ya LAMY Joy, ile nyeusi yenye mkia mrefu, ajifunze kuandika herufi za mapambo. Akachoka wiki ya pili, kama kawaida yake. Nibu yake, yaani kile kichuma cha kuandikia, haina ncha kali. Ni bapa, upana milimita 1.9. Kwenye begi alikuwa pia na chupa ya Pelikan, wino wa njano wa hailaita uliotengenezwa kwa ajili ya kalamu za wino, mililita 30, haijafunguliwa. Akanipa vyote viwili. Nadhani alinihurumia.

Kama hujawahi kuijua kalamu ya aina hii: kampuni ya Pelikan wenyewe walitoa moja kwa kazi hii hii, M205 Duo, ya njano inayoonyesha ndani, nibu pana ya saizi BB, unanyonya wino kwa kuzungusha kitako. Nilipoona bei yake nikafunga ukurasa haraka. LAMY yangu haikuundwa kwa kupaka njano, lakini ile 1.9 ilinishangaza. Ukichapa kwa herufi za ukubwa wa 12, zile zinazopendwa na walimu wetu, urefu wa herufi ndogo kama "a" na "m" unakaribia hapo hapo. Mstari unafunika neno na kuacha pengo kati ya mistari. Nilijiona nimeshapona.

Sasa niseme la rafiki yangu, mwenye ile daftari niliyoiharibu.

Tulikuwa tunakaa chumba kimoja. Yeye alikuwa amefaulu Ushahidi, na vizuri, akaniazima daftari lake nijiandae na sap. Maandishi yake yalikuwa ya kupendeza, ameyaandika kwa kalamu ya jeli ya bluu, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula. Alinikabidhi akasema, "Usinichafulie tu." Nikamwambia, "Wewe nawe."

Usiku wa kuamkia mtihani umeme ukakatika. Yeye alikuwa amekwenda kwao. Nikawasha mshumaa, nikafungua daftari lake, na nikasema mistari miwili mitatu tu, ya njano hafifu, hata hatajali. Nikapaka. Sikuona kitu. Nikadhani wino hautoki, nikarudia. Nikakandamiza. Nikapaka mara ya tatu. Kurasa nne namna hiyo.

Kumbe wino wa hailaita hauwaki wenyewe. Rangi yake inapokea mwanga ambao jicho letu halioni, wa urujuani mno, pamoja na ule wa bluu, kisha inaurudisha ukiwa njano ya kijani. Ndiyo maana juani, na chini ya taa ndefu za darasani, inakurukia machoni. Mshumaa mwanga huo hauna wa kutosha. Njano juu ya karatasi, chini ya moto wa njano: unapaka gizani. Kalamu ilikuwa inamwaga vizuri kabisa, na kila nilipokandamiza nilikuwa naiyeyusha bluu ya mwenzangu na kuiburuza mstari mzima.

Asubuhi jua lilipopiga mezani nikaona. Kifungu hakisomeki. Kesi hazisomeki. Kijani.

Aliporudi nilikuwa nimeshafanya mtihani. Nikampa daftari kwa mikono miwili, nikaanza kueleza habari za mshumaa. Akapitisha kidole juu ya ukurasa. Akasema, "Sawa." Muhula uliofuata alihamia chumba kingine. Sap niliifaulu, kwa alama ambazo nisingeona aibu kuzitaja, na mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia alikuwa yeye. Nilimwandikia. Alisoma. Mpaka leo naona tiki mbili za bluu.

Basi. Nilitaka liandikwe mahali.

Baada ya hapo nilijipa adhabu, na adhabu hiyo ndiyo iliyonitoa. Katriji ya LAMY, yaani kile kichupa cha plastiki cha wino kinachokaa ndani ya kalamu, ni ndogo, inabeba mililita moja na kidogo. Ikiisha huitupi, unaiosha, unanunua bomba la sindano duka la dawa, unavuta wino kwenye chupa na kuijaza tena. Nikajiwekea kwamba naijaza mara moja kwa wiki, Jumapili jioni, na ikiisha imeisha. Wiki ya kwanza iliisha Jumanne. Jumatano mpaka Jumamosi nikasoma nikiwa sina cha kupakia, nikahisi kama nipo uchi. Wiki ya pili nikafika Alhamisi. Wiki ya nne Jumapili ikanikuta wino bado upo.

Kilichobadilika ni kwamba nilianza kuogopa kupoteza wino. Nikichukua hukumu kutoka TanzLII, ile tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, nikaichapisha, kurasa 25, naisoma yote kwanza na kalamu ina kofia. Nikimaliza najiuliza: jaji ameamua nini, na kwa sababu gani? Hapo ndipo nafungua kofia. Mistari sita. Pengine minne. Hailaita ya kutupa haikuniuliza swali lolote. Ilikuwa inateleza tu na mimi nateleza nayo.

Na ndugu zangu, acheni niwaambie ukweli hata kama mtakasirika. Wengi wetu hatupaki ili tukumbuke. Tunapaka kwa woga. Ukurasa mweupe unatutisha, tunaupaka ili uonekane umeshughulikiwa, halafu tunaupiga picha na kuweka status: "usiku wa leo". Nimefanya hivyo, na picha zangu zilipendwa kuliko alama zangu. Kama huwezi kuacha mistari tisa kati ya kumi ikae kama ilivyochapwa, tatizo lako si kalamu, na kalamu ya bei mbaya itakufilisi tu. Wengine mnaniuliza rangi ngapi ninunue. Moja! Nimeshasema mara ngapi? Moja.

Haya, ya ufundi, kwa kifupi, maana yule binti anasubiri.

Jaribu kwanza kwenye kona ya karatasi. Kitini cha fotokopi au cha printa ya leza hakina shida, kwa sababu tona ni unga wa plastiki ulioyeyushwa ukagandia; wino wa maji hauutingishi. Maandishi ya printa zinazorusha wino wa maji, ya kalamu za jeli na ya kalamu za wino zenyewe mara nyingi huyeyuka. Peni ya kawaida, ambayo wino wake ni wa mafuta, kwa kawaida huvumilia, lakini jaribu kwenye kona. Daftari zenye karatasi nyepesi hupitisha mpaka nyuma. Kwenye karatasi ya gramu 80 unapona, ukipita mara moja tu. Mara moja. Kisha subiri ikauke kabla ya kufunga kitabu.

Usitie wino wa Kihindi wa kuchorea, wala wino wa mhuri, hata muuza steshenari akikuapia. Niliwahi kununua kalamu ya pili, ya bei rahisi, nikatia wa mhuri. Ilikufa siku hiyo hiyo. Niliwahi pia kupasua hailaita ya kutupa, nikakamua sifongo yake kwa maji na sindano. Wino ulipatikana, hafifu lakini uling'aa, na baada ya muda chupa ikaota ukungu. Naliweka hapa ili usije kuniambia sikukuonya.

Joto la Dar nalo lina mambo yake. Katriji iliyobaki nusu ina hewa ndani, hewa ikipata moto inapanuka na kusukuma wino nje kupitia nibu. Nilishuka kwenye daladala nikiwa na shati lenye jua kifuani. Ibebe nibu ikiangalia juu, na usiiache kwenye gari lililokaa juani. Kurasa zenyewe pia usizianike dirishani, maana njano hii hufifia. Na ukitoa fotokopi nyeusi na nyeupe, mistari yako kwa kawaida haionekani, jambo ambalo siku hizi nalifurahia: mtu akiniomba kitini, nampa kopi safi, na langu linabaki langu.

Sasa wewe uliyeniandikia. Nibu yako imeshaingia bluu ya jeli, ndiyo maana kila unachopaka kinatoka kijani. Toa katriji, mwaga kilichomo, usikirudishe kwenye chupa. Iweke nibu kwenye glasi ya maji ya kawaida, si ya moto, kisha sukuma maji ndani yake kwa bomba la sindano mpaka yatoke meupe. Itachukua robo saa, labda zaidi. Ikauke usiku kucha juu ya karatasi ya chooni. Asubuhi jaza, jaribu kwenye kona.

Ule ukurasa ulionitumia hauokoki, uandike upya wakati bado unakumbuka kilichokuwemo. Nimeikuza picha yako mara mbili, na naona jina kwenye kona ya juu ya daftari si la kwako. Mpigie leo, kabla hajafungua mwenyewe. Usimweleze habari za kalamu.