Maswali ya Wasomaji: Mashua ya Bei Nafuu

SWALI: Nimeonyeshwa mashua ya mita 7, ina tanga jipya na mwenyewe anataka kuiuza haraka. Nikiinunua, kila mwaka itanigharimu nini hasa? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Tanga jipya lisikupumbaze. Turubai likichanika hushonwa. Pesa huliwa chini, kwenye mkuku (gogo la chini kabisa, uti wa mgongo wa chombo) na mbao zinazoufuata. Ngoja bamvua, siku za maji kujaa na kutoka sana, maji yakitoka chombo kibaki mchangani, uanze kuchomachoma kwa kisu chembamba kutoka mkuku kwenda juu. Kikizama bila kushindana, ubao umeoza. Tafuta pia vitundu vidogo sana: mdudu wa baharini huingia akiwa mchanga na kukulia humo humo, kwa hiyo nje huoni kitu ilhali ndani ni mifereji mitupu. Gonga kwa nyundo usikilize. Kutu ikichuruzika kwenye vichwa vya misumari, ikague mashua fundi akiwapo, au achana nayo.

Gharama isiyokwisha ni kalafati, yaani kuziba maungio ya mbao kwa pamba na mafuta. Chukua mashua yenye mbao 8 kila upande: maungio ni 8, pamoja na lile la mkuku. Mara mita 7, mara pande mbili, ni mita 112. Si lazima yote yatolewe pamba kila mwaka, ila patana na fundi kwa mita, si kwa siku, na pamba na mafuta nunua mwenyewe.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Itumie kukwangua, kupitisha moto wa makuti ili mdudu afe kabla hajazama, kisha kupaka shahamu na chokaa. Jarari (kamba ya kupandishia tanga) na demani (kamba ya kulizuia tanga) zikague zinapopita kwenye kapi, na uzibadili kabla ya upepo wa kusi. Leseni na jaketi okozi kwa kila baharia utavijumlisha mwenyewe.

SWALI: Mashua yangu ilikaa juu ya magogo miezi 2. Nimeishusha, imejaa maji. Nimwite fundi? (Msomaji, Lindi)

JIBU: Bado. Mbao zimekauka zikasinyaa. Toa farumi (uzito unaowekwa chini ili chombo kitulie), funga mashua penye kina kifupi, iache inywe maji siku 2 au 3. Ukigongomea pamba nyingi sasa, mbao zikivimba zitakosa nafasi, zitasukumana na kung'oa misumari kwenye mataruma (mbavu za chombo). Hapo umejitengenezea kazi kubwa kuliko ya mwanzo. Ikishavimba ifute maji, tia alama ya chaki panapoendelea kuvuja, na fundi alipwe kwa hapo tu.