Maswali ya Wasomaji: Mikono 23 na mikono 31, je, ni spishi mbili?

SWALI: Bwana Mhariri, nakusalimu kutoka Kadutu, Bukavu, ninakofundisha biolojia katika shule ya sekondari. Katika kabati la shule yetu kuna bokali la alkoli lenye nyota-manyoya wawili, wale jamaa wa nyota-bahari wenye mikono iliyojaa vinyoya pande zote mbili. Kibandiko chake kinasema tu "Bahari ya Hindi". Rangi yao imekwisha kutoka. Mmoja ana mikono 23, mwenziwe 31, na wanafunzi wanabishana kama ni spishi moja au mbili. Tunazo lupu (kioo cha kukuzia) na hadubini ya zamani. Tuangalie wapi?

JIBU: Mheshimiwa Mwalimu, waambie wanafunzi waweke kando kwanza alama mbili zinazovutia jicho upesi, yaani rangi na idadi ya mikono. Rangi hutofautiana ndani ya spishi moja hata mnyama akiwa hai, kisha huyeyukia katika alkoli. Idadi ya mikono nayo haitulii: mnyama mchanga huanza na michache, spishi za mikono mingi huongeza matawi kadiri zinavyokua, na mkono ukikatika, mahali pa mmoja panaweza kuota miwili. Kwa hiyo 23 na 31 peke yake hazithibitishi lolote.

Kinachofaa kuhesabiwa ni pingili. Mkono wa nyota-manyoya umejengwa kwa vipande vidogo vya chokaa vilivyopangana kutoka kitakoni hadi nchani, na kati ya panda moja na inayofuata kwa kawaida huwa kuna pingili mbili au nne. Zikiwa nne, elekeza lupu kwenye kiungo kilicho kati ya pingili ya tatu na ya nne: mara nyingi utaona mstari mwembamba wa vitone badala ya ufa mpana. Hicho ni kiungo kisicho na misuli, ambacho wataalamu hukiita sizijia. Hakipindiki, na ndipo mkono unapokatikia mnyama anaposhambuliwa. Mahali sizijia zinapotokea ni alama ya thamani, kwa hiyo ziandikwe pingili kwa pingili, katika mikono kadhaa ya kila mnyama.

Kisha mpindue mnyama. Chini ya kitako kuna vishikio, anavyovitumia kushika mwamba au matumbawe. Chagua vilivyokomaa, kwa sababu vichanga huwa na pingili pungufu, uhesabu pingili zake na utazame kama zile za mwishoni zina miiba upande wa nje.

Sehemu ambayo mimi ningeipa muda mrefu kuliko zote ni vinyoya vya kwanza, vilivyo karibu na mdomo. Vikiwa na meno madogo yaliyopangana nchani kama ya kitana, mnyama huyo ni wa familia ya Comatulidae, na mara nyingi utakuta mdomo wake umesogea pembeni huku njia ya haja ikiwa karibu na katikati. Kama hakuna meno na mdomo uko katikati, tafuta jamaa wengine. Katika Bahari ya Hindi wapo jamaa wawili wanaochanganywa sana, Lamprometra na Stephanometra, kwa sababu wote wana mikono mingi na umbo linalokaribiana. Wa kwanza ana vinyoya vya mdomoni vikubwa lakini vinavyopindika. Wa pili ana baadhi yake vigumu, vilivyonyooka na kuchongoka kama miiba. Hata hivyo tofauti za ugumu na urefu zinadanganya pia: mwaka 2008 jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) ya Stephanometra ilipopitiwa upya, majina kadhaa yaliyotokana na tofauti za namna hiyo yaliunganishwa, zikabaki spishi mbili tu. Ndiyo maana alama moja haitoshi kukata shauri.

Ili kuiona pingili vizuri, kata kinyoya kimoja, kioshe kwa maji hadi alkoli iishe kabisa, kwa maana javeli (dawa ya kung'arishia nguo) na alkoli havipaswi kukutana, kisha kitie katika matone machache ya javeli iliyozimuliwa. Nyama itayeyuka na chokaa kitabaki. Usitumie siki wala asidi yoyote, kwa kuwa hiyo hula chokaa chenyewe.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Goma. Je, kwa kuwa sasa kuna vipimo vya ADN (DNA, yaani chembe za urithi), kuhesabu pingili za nyota-manyoya bado kuna maana?

JIBU: Kuna maana kubwa, ndugu yetu. Katika bahari ya Antaktiki, jina moja la nyota-manyoya, Promachocrinus kerguelensis, lilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa la spishi moja. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwa ADN kwamba lilificha spishi kadhaa. Lakini walirudi kwenye maumbile ili kuzieleza, na mojawapo ya spishi hizo ikaitwa fragarius kwa sababu kitako chake kinafanana na tunda la stroberi. ADN ilionyesha pa kutafuta, na kitako kikaonyesha tofauti ambayo jicho linaweza kuiona. Ukipata nafasi ya kukusanya sampuli mwenyewe, zihifadhi katika alkoli kali, si katika formalini, kwani formalini huharibu ADN, na ikigeuka kuwa ya asidi hula pia zile pingili unazotaka kuzihesabu.