Diski ya pili haiwashi seva ya FreeBSD

Ndugu, kama kioo cha ZFS (diski mbili zenye data ileile chini ya mfumo wa faili wa ZFS) ni kizima lakini ukichomoa ada0 (diski ya kwanza; ya pili ni ada1) seva haiwaki, tatizo ni kwamba `zpool attach zroot ada0p3 ada1p3` inaakisi sehemu ya ZFS tu. Sehemu ya kuwashia haiguswi kabisa! Rudisha ada0. Kwa mashine ya BIOS (mfumo wa zamani wa kuwashia kompyuta), ikiwa freebsd-boot, yaani sehemu ya kuwashia, ndiyo sehemu ya kwanza ya ada1, andika:

`gpart bootcode -b /boot/pmbr -p /boot/gptzfsboot -i 1 ada1`

Kwa UEFI (mrithi wa BIOS), ada1 inahitaji sehemu yake ya EFI yenye nakala ya loader.efi, programu inayopakia FreeBSD. Hakikisha `zpool status` inaonyesha usawazishaji umekamilika, zima mashine, kisha jaribu bila ada0. Na tafadhali, ukifanya `zpool upgrade` (kuwasha vipengele vipya vya ZFS) siku za mbele, sasisha sehemu ya kuwashia kwenye diski zote mbili; wengi husahau hapo.