Maswali ya Wasomaji: Mteja Ameidhinisha Nini Hasa?

Swali

Mhariri, salaam. Sisi ni vijana watatu wenye studio ndogo ya uhariri wa video hapa Nyali, Mombasa. Miezi michache iliyopita tulitengeneza tangazo la hoteli moja ya Pwani ya Kaskazini. Meneja wa masoko wa hoteli hiyo alitazama toleo la tatu, akatuandikia kwenye WhatsApp kwamba "iko sawa kabisa". Tukaingia katika kazi ya rangi, tukamlipa fundi wa sauti, tukaandaa na vipande vifupi vya mitandaoni. Siku ya kukabidhi, mwenye hoteli aliiona video kwa mara ya kwanza, akataka sehemu yote ya bwawa la kuogelea iondolewe kwa kuwa bwawa lenyewe linajengwa upya, na hadi leo salio letu halijalipwa. Tangu hapo tumeanza kutumia programu ya kusimamia miradi, ambamo kila kazi ina kadi yake, na kadi huhama kutoka safu ya "Inahaririwa" kwenda "Iko kwa mteja" hadi "Imekubaliwa". Hata hivyo mkanganyiko haujapungua. Tufanyeje?

Wasomaji wa Nyali

Jibu

Ndugu zangu, programu mliyoichagua inatosha. Kinachokosekana ni namna mlivyoigawa kazi ndani yake. Kadi moja iliyobeba tangazo zima ikifika katika safu ya "Imekubaliwa", haisemi ni toleo gani lililokubaliwa, limekubaliwa na nani, wala limekubaliwa kwa hatua ipi. Mteja huidhinisha faili moja aliloliona siku fulani, na idhini hiyo haihami yenyewe kwenda katika faili linalofuata. Programu yenu ikilishika jambo hilo moja, mengi yaliyobaki yatajipanga.

Anzeni kwa kuhesabu vitu mtakavyokabidhi kabla ya kamera kuwashwa. Tangazo la hoteli likihitajika kwa sekunde 60, 30 na 15, katika umbo la mlalo na la wima, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, basi mna mafaili 12 ya kukabidhi, na kila moja linastahili kadi yake iliyofungwa chini ya kadi mama ya mradi. Trello, Asana na nyinginezo za aina hiyo zina njia ya kuweka kazi ndogo ndani ya kazi kubwa. Ndani ya kila kadi, andikeni kila toleo katika mstari wake, pamoja na jina kamili la faili, tarehe lililotumwa, kiungo chake na jibu la mteja. Hata hivyo, msimtumie mteja mafaili yote 12 kwa pamoja. Tangazo la sekunde 60 la lugha moja litangulie peke yake, na kadi za vipande vingine zibaki zimefungwa hadi hilo mama litakapoidhinishwa, kwa sababu kosa la jina au la bei likigunduliwa katika hilo mama, mtalirekebisha mara moja badala ya mara 12.

Kisha gawanyeni idhini yenyewe kwa hatua, na hapa ndipo ningependa mtulie zaidi, kwa kuwa ndipo fedha za studio nyingi za mji huu zinapovujia. Hatua ya kwanza ni idhini ya mpangilio wa picha: picha zipi zimo, kwa mfuatano upi, kwa urefu gani. Ikitolewa, picha inafungwa, yaani mpangilio wake haubadilishwi tena. Baada yake ndipo huja rangi, sauti, maandishi ya skrini na manukuu, na mwisho idhini ya faili la kukabidhi. Utaratibu huu una sababu yake. Fundi wa sauti huulinganisha muziki, mazungumzo na milio na picha kwa usahihi wa fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, na video zetu huku kwa kawaida huwa na fremu 25 kwa sekunde. Mkiondoa sekunde 4 za bwawa la kuogelea baada ya hapo, kila kinachofuata husogea kwa fremu 100, muziki hukatika pasipostahili, na manukuu hutokea baada ya maneno kwisha kusemwa. Ni sawa na fundi wa kanzu anayeambiwa apunguze kitambaa baada ya shingo kwisha kudariziwa. Meneja yule huenda alipoandika "iko sawa kabisa" hakujua kwamba anafunga picha, na ninavyosoma barua yenu, hakuna mahali alipoambiwa. Ujumbe wa kuomba idhini useme waziwazi: ukikubali toleo hili, tunaanza rangi na sauti, na mabadiliko ya picha baada ya hapa yatatozwa.

Suala la nani anaidhinisha lisisubiri mwisho. Katika hoteli zetu za Pwani, meneja wa masoko huagiza, meneja mkuu husaini malipo, na mwenye mali huenda yuko Nairobi au Ulaya. Mkubaliane wakati wa makadirio ya bei kwamba mwidhinishaji ni mtu mmoja mwenye jina, na jina hilo liandikwe juu kabisa ya kadi mama. Wengine wote wana haki ya kutoa maoni, lakini ni yeye atakayeyakusanya, atakayeamua yanapopingana, na atakayewaletea orodha moja. Kama mwenye hoteli ndiye mwenye neno la mwisho, basi atazame toleo la kufunga picha, hata kama atalitazama kwa dakika moja akiwa uwanja wa ndege.

Kwa maoni yenyewe, tumieni programu ya kukagulia video inayoruhusu maoni kubandikwa juu ya fremu. Frame.io, ambayo Adobe iliinunua mwaka 2021, ni mojawapo, na zipo nyingine. Mtazamaji husimamisha video, huandika neno lake, na neno hilo hubaki na saa yake, kwa mfano 00:00:14:08, yaani sekunde ya 14, fremu ya 8. Hapo hakuna tena kuulizana ni "ile picha ya mawimbi" ipi kati ya picha tano za mawimbi. Toleo jipya liwekwe juu ya lile la zamani, na la zamani lisifutwe ila lifungiwe maoni, ili asitokee mtu wa kuandika mapendekezo yake juu ya toleo la wiki iliyopita.

WhatsApp haitaondoka, nami siwashauri kupigana nayo. Lakini video inayotumwa huko kwa njia ya kawaida hubanwa, hupoteza ubora wake, na mteja huishia kuhukumu rangi ambayo si yenu. Tumieni WhatsApp kupeleka kiungo na kumkumbusha mtu, na jibu lolote la maana likija huko linakiliwe siku ileile ndani ya kadi, pamoja na picha ya ujumbe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Katika makadirio yenu andikeni pia idadi ya mizunguko ya marekebisho iliyomo katika bei. Miwili inatosha kwa tangazo dogo, na wa tatu uwe na gharama inayojulikana mapema. Zipo studio zinazoandika kwamba mteja akinyamaza kwa siku kadhaa amekubali. Mimi siipendi kanuni hiyo, maana humgeuza mteja kuwa mpinzani. Heri kuandika kwamba kila siku ya kuchelewa kujibu inasogeza siku ya makabidhiano kwa siku ileile moja, na kadi ikiwa katika safu ya "Iko kwa mteja" iwe na tarehe ya jibu inayoonekana na pande zote mbili.

Kuhusu salio lenu, ujumbe wa meneja bado una uzito, na sheria ya ushahidi ya Kenya inazitambua kumbukumbu za kielektroniki. Ila kabla ya kufika huko, mwandikieni mwenye hoteli barua moja ya heshima yenye tarehe za matoleo yote matatu, neno aliloandika meneja, kazi iliyofanywa baada yake, na bei ya kuondoa hiyo sehemu ya bwawa. Watu wengi hulipa wakiuona mfuatano umewekwa mbele yao.

Swali

Assalaam aleikum. Mimi ni mpigaji video za harusi, nakaa Kisauni. Familia hutaka kuona video kabla haijakamilika, lakini sherehe za wanawake ni siri yao, na nimeshaona kiungo cha mwenzangu kikizunguka katika makundi ya simu. Pia akina mama hawataki kusikia habari za kujisajili katika programu.

Msomaji wa Kisauni

Jibu

Waaleikum salaam, ndugu. Una haki ya kuogopa, na hofu hiyo ni dalili ya kuijua kazi yako. Sherehe ya wanawake iwe na kadi yake, folda yake na kiungo chake, mbali na nikaha na mambo ya wanaume, na mhariri wake awe mwanamke. Ndani ya programu yako, wafungie wasaidizi wengine kadi hiyo wasiione. Kiungo kiwe na nenosiri, kiwe na siku ya kuisha, kizuie kupakua, na jina la aliyepewa lionekane juu ya picha muda wote, kwa sababu mtu huona haya kusambaza kitu chenye jina lake. Si kinga kamili, kwani skrini hurekodiwa kwa simu nyingine. Kwa hiyo, kwa familia inayojali sana, usitume kitu. Mhariri wako wa kike aende na kompyuta nyumbani, atazame pamoja na bibi harusi na mama yake, aandike kila neno lao ndani ya kadi pamoja na dakika na sekunde zake, na awasomee kabla ya kuondoka. Hakuna wa kujisajili popote, na idhini yako bado imeandikwa. Ujue pia kwamba chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi, kwa hiyo mkubaliane kwa maandishi ni lini utafuta nakala zako, na tarehe hiyo uipe kadi yake.

Swali

Je, faili la kumwonyesha mteja linaweza kuwa ndilo la kukabidhi kwa kituo cha televisheni?

Msomaji wa Mtwapa

Jibu

Hapana. Nakala ya ukaguzi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 75 kwa dakika, ilhali faili la ProRes 422 HQ, aina ya faili zito la ubora wa juu, la 1080p katika fremu 25 kwa sekunde hukaribia gigabaiti 1.4 kwa dakika. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 20 kwa sekunde, filamu ya dakika 10 itapanda kwa dakika 5 ikiwa nakala ya ukaguzi, na kwa saa moja na nusu ikiwa faili kuu. Panga muda huo katika kadi, wala usiusubirie usiku wa mwisho, umeme ukikatika itakuwa shida. Waombe kituo masharti yao ya kiufundi kabla ya kuhariri, hasa ya sauti: kipimo cha Ulaya cha R 128 kinataka wastani wa LUFS -23 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na toleo la mitandaoni kwa kawaida huwa na sauti ya juu kuliko hiyo. Hifadhi pia toleo lisilo na maandishi, na muziki ukiwa mbali na mazungumzo, kwani mteja akirudi mwakani akitaka Kiarabu utayahitaji. Mkubaliane mapema kama mafaili ya mradi yamo katika bei, kwa sababu Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huichukulia hakimiliki ya kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmeafikiana vingine. Kadi ifungwe pale tu kituo kitakapoandika kwamba faili limefunguka na limepita ukaguzi wao.