Jibu: Daktari wa familia wa nini kama mama ana mabingwa watatu?

Mkuu, umeuliza daktari wa familia ataongeza nini wakati mama tayari anaonwa na bingwa wa moyo, wa kisukari na wa mifupa. Ni kwamba yeye ndiye anayezitazama dawa zote kwa pamoja, na siku hizi hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko mafua.

Mfano: wa moyo kampa losartan (dawa ya presha) na dawa ya kukojoza, wa mifupa kaongeza diclofenac (ya maumivu). Zikikutana hizo tatu, figo zinaweza kuumia, hasa mgonjwa akiharisha au akipungukiwa maji. Au amlodipine, dawa nyingine ya presha, inamvimbisha miguu, mtu anadhani ni moyo, anaongezewa dawa ya kukojoza asiyoihitaji. Hili hutokea sana.

Siku ya kwanza mpelekee daktari wa familia dawa zenyewe kwenye mfuko, pamoja na mitishamba na za kujinunulia dukani. Orodha ya kichwani husahau nusu. Presha ipimwe nyumbani siku 7, asubuhi na jioni, mara 2 kila wakati, akiwa ametulia ameketi dakika 5. Ulizia pia vipimo vya damu vya kreatinini (huonyesha figo zinavyofanya kazi) na potasiamu (madini ya mwilini).

Msikatishe dawa yoyote wenyewe. Mabingwa wanabaki palepale. Mwombe tu daktari wa familia awaandikie mabingwa hao barua akibadilisha kitu.