Histogramu: anza na jedwali, rula baadaye

Kila nikifundisha takwimu, wanafunzi wakiambiwa wachore histogramu, yaani mchoro wa mistatili inayoonyesha vipimo vimesambaaje katika makundi, hukimbilia rula. Mimi huwaambia waiweke kando kwanza, wasome jedwali na kujiuliza vipimo vilichukuliwaje.

Chukua urefu wa watu uliopimwa kwa sentimita nzima iliyo karibu, makundi yakawa 150–154, 155–159 na kuendelea. Kati ya 154 na 155 panaonekana pengo, lakini halipo: mwenye 154.3 aliandikwa 154. Mipaka halisi ni 149.5, 154.5, 159.5, upana ni 5 wala si 4, na mistatili hugusana. Umri una desturi yake. Mtoto wa miaka 14 na miezi 11 bado huitwa wa miaka 14, kwa hiyo kundi la 10–14 huanzia 10 na kuishia 15 kamili. Hapo kutoa nusu, kama tulivyofanya kwa urefu, ni kosa, na wengi hulifanya kwa sababu wamekariri kanuni bila kujua ilikotoka.

Penye kazi hasa ni makundi yasiyolingana upana. Tuseme wanafunzi 44 wametaja dakika wanazotembea hadi shuleni: 0–10 wako 8, 10–20 wako 14, 20–30 wako 10, 30–60 wako 12. Ukilipatia kundi la mwisho kimo cha 12, mstatili wake utameza mchoro mzima, kana kwamba kila dakika 10 kati ya hizo 30 zina wanafunzi 12, yaani 36 kwa jumla. Idadi ya watu hubebwa na eneo la mstatili. Gawanya marudio, yaani idadi ya wanafunzi katika kila kundi, kwa upana upate vimo: 0.8, 1.4, 1.0 na 0.4. Kwenye mhimili wima andika “wanafunzi kwa dakika”, usiandike “idadi”.

Sasa usome mchoro. Nusu ya 44 ni 22, na 8 ukijumlisha 14 ni 22, kwa hiyo mstari wima kwenye dakika 20 unaligawa eneo katikati: nusu ya wanafunzi hufika ndani ya dakika 20. Wastani, ukitumia katikati ya kila kundi, ni kama dakika 23.6. Umevutwa juu na mkia mrefu wa kulia, wale wanaotoka mbali. Na hao 12 mchoro umewatandaza sawasawa, ingawa huenda wote wako karibu na dakika 35, au 55. Kama uamuzi unawahusu wao, mathalani usafiri wa shule, rudi kwenye majibu ya awali uligawe kundi hilo upya.